Kununua Shamba Bara: Haki ya Ardhi na Haki ya Jirani

Siku hizi yamezidi mazungumzo ya kununua ardhi bara. Mwenye duka wa Mombasa, mstaafu wa bandari, na kijana aliyerudi na akiba yake kutoka Ghuba, wote wasikia kwamba Nakuru iko ardhi yenye rutuba na mvua ya kutosha. Wako wanaotaka shamba la kulima na kuishi. Wako pia wanaotaka kiwanja cha futi 50 kwa 100, ambacho ni karibu thumni ya ekari, wakiweke mpaka bei ipande kisha wakiuze. Tumeulizwa katika darasa letu: je, jambo hili lina kheri?

Jawabu letu ni kwamba kutafuta riziki katika ardhi ni kheri, lakini ardhi haiji peke yake. Huja na tarehe yake, na maji yake, na majirani zake. Mwenye kulipa thamani ya udongo akayasahau haya matatu, hajamaliza kununua.

Na tuanze na tarehe. Wazee wetu waliijua njia ya huko kabla ya reli. Misafara ya pwani ilipita Naivasha ikaenda hata Njemps, karibu na ziwa Baringo, na nchi nyingi waliyoipita ilikuwa malisho ya Wamaasai. Reli ilipofika Nakuru mwaka 1900 mambo yaligeuka. Kwa mkataba wa mwaka 1904 Wamaasai waliondolewa katika Bonde la Ufa la kati, na ardhi ile wakapewa walowezi wa Kizungu. Lord Delamere peke yake alipata kiasi cha ekari 100,000 pande za Njoro. Wakikuyu, Wakalenjin na wengineo wakaja kufanya kazi katika mashamba hayo, wakikaa kwa idhini ya mwenye shamba, wala si kwa haki yao.

Ulipokaribia uhuru, mwaka 1962, ulianzishwa mpango wa ekari milioni moja. Mashamba ya walowezi yalinunuliwa kwa fedha za mkopo na kugawiwa wakulima, nao wakatakiwa kuulipa mkopo huo. Kisha katika miaka ya 1960 na 1970 makampuni na vyama vya ushirika vilikusanya akiba za watu wadogo na kununua mashamba kwa hisa. Wengi walitoa fedha zao wakangoja miaka mingi kabla ya kuiona hati.

Juu ya tarehe hiyo zikaja fitina. Mwaka 1992 watu waliuawa na kufukuzwa makwao pande za Molo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 walikufa watu zaidi ya 1,100 katika Kenya nzima, na Nakuru ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia sana. Watu waliokuwa na nyumba zao walilala katika mahema kwenye uwanja wa maonyesho. Hatuyataji haya ili tumtie mtu hofu. Twayataja ili mnunuzi ajue kwamba shamba analoonyeshwa na dalali kwa nusu saa, kwa mwenziwe huenda likawa kaburi la baba au jasho la miaka arubaini.

Nasi watu wa pwani hatuna udhuru wa kutolifahamu jambo hili. Sheria ya mwaka 1908 ya hati za ardhi ilifanya ardhi isiyodaiwa kwa maandishi kuwa mali ya serikali, na watu wengi wakajikuta ni maskwota katika mashamba ya babu zao. Tangu hapo twanung'unika juu ya tajiri aliye mbali, mwenye karatasi mkononi, asiyejua ni nani aliyeupanda mnazi wala ni nani aliyezikwa chini yake. Manung'uniko hayo yana haki. Lakini tukienda Subukia au Rongai, tukazungusha seng'enge, tukaweka mlinzi na kurudi zetu Mombasa, tutakuwa nani machoni mwa watu wa huko? Tutakuwa ni yule yule tajiri wa mbali. Na dini yetu yatufunza kumpendelea mwenzetu lile tunalojipendelea nafsi zetu.

Basi mwenye kutaka kununua, na ayashike mambo manne.

Jambo la kwanza ni kuuchunguza msingi wa hati. Watu wengi hudhani kwamba hati ikiwa na muhuri, mambo yamekwisha. Sivyo. Tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kesi ya kiwanja cha ufuoni hapa Mombasa, ikasema kwamba hati peke yake haimlindi mnunuzi ikiwa ardhi yenyewe hapo mwanzo ilitolewa kinyume cha sheria. Kadhalika mwaka 2018 watu waliondolewa katika msitu wa Mau upande wa Narok, na wako miongoni mwao waliokuwa na hati mikononi. Kwa hiyo usitosheke na nakala unayopewa na dalali. Nenda kwa msajili wa ardhi, uliza ni nani aliyekuwa na ardhi hiyo kabla ya muuzaji, na kabla ya huyo alikuwa nani, mpaka ufike mwanzo wake. Mchukue mpima ardhi akuonyeshe mipaka kwenye ardhi yenyewe. Kisha waulize majirani, kwani wao huyajua yasiyoandikwa. Ama kununua kiwanja kwa picha tu, hujui kiko upande gani wala mpaka wake ni upi, huo ni katika ule ughurari ambao sheria yetu imeukataza katika biashara.

Jambo la pili ni idhini. Kwa sheria ya mwaka 1967, ardhi ya kilimo haiuzwi mpaka bodi ya ardhi ya mahali hapo itoe ruhusa. Ombi lapasa kupelekwa katika muda wa miezi sita tangu kuandikiana, na bila ya idhini hiyo mauzo ni batili. Kadhalika nyumba na ardhi ya mume na mke haiuzwi bila ya ridhaa ya mwenzi. Wako wanaoyaona haya kuwa ni usumbufu, wakatafuta njia ya mkato. Sisi twaona kuna hekima ndani yake. Mume aweza kuuza shamba kwa siri, akala fedha, na mke na watoto wakabaki bila ya pa kulala. Na ikiwa mwenye hati amekufa, usinunue kwa mtoto mmoja kabla ya mahakama kumthibitisha msimamizi wa mirathi. Mwenye kununua fungu la yatima kwa bei rahisi asiseme amepata bahati.

Jambo la tatu ni maji. Visima vingi vya Nakuru na Bonde la Ufa vina madini ya floridi kupita kiasi. Madini haya huyatia meno ya watoto rangi ya hudhurungi, na yakizidi sana hudhuru mifupa. Kuyachemsha maji hakuyaondoi. Basi maji ya kisima yapimwe kabla ya fedha kutoka mfukoni. Tena tazama kilicho juu ya shamba lako. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la shamba moja la Solai lilipasuka, likaua watu zaidi ya 40 waliokuwa wakiishi chini yake. Bei nafuu ya ardhi ya bondeni huwa na sababu yake.

Jambo la nne, nalo ndilo kubwa, ni kukaa na watu. Shauri letu ni kwamba mtu asianze kwa kununua. Na akodi ekari moja au mbili kwa kodi maalumu na muda maalumu, alime msimu mmoja. Huko mahindi hupandwa zikianza mvua za Machi na Aprili, na katika sehemu nyingi huvunwa kuanzia Oktoba, wala si upesi kama tulivyozoea sisi. Katika muda huo ataijua baridi ya Molo, ataijua bei ya mbolea, na atajua kama familia yake yaweza kukaa. Zaidi ya hayo, atajulikana. Mgonjwa wa jirani amzuru, maiti wa jirani aende msibani, mchango wa shule asikose kutoa. Kibarua amlipe ujira wake kabla ya jasho kukauka. Haki ya jirani haikuwekewa sharti la dini wala la kabila. Jirani Mkikuyu anayo, na Mkalenjin anayo, na Mturkana anayo.

Tena twawausia wanaotaka kukopa. Shamba lililonunuliwa kwa riba humfanya mtu aikimbilie bei badala ya kuitumikia ardhi. Tangu mwaka 2008 zimekuwapo nchini benki zinazofuata taratibu za Kiislamu, lakini hata huko mtu asome mkataba kabla ya kutia saini. Na wanaoshirikiana kununua na waandikiane kila kitu mbele ya mashahidi, hata wakiwa ni ndugu wa tumbo moja, kwani Qurani imetuamrisha kuandika deni, na mapenzi ya leo hayazuii ugomvi wa warithi kesho.

Kwa ufupi, seng'enge haikumlinda mtu mwaka 1992 wala mwaka 2008. Wako katika waliosalimika waliofichwa na majirani wa kabila jingine. Mwenye nia ya kwenda bara na aende, lakini aende kama vile ambavyo angependa mgeni aje kwake Lamu au Malindi: kwa uso wazi, kwa maandishi safi, na kwa kukaa na watu.

Wabillahi tawfiq.