Mlangilangi na Mafuta Yake

Watu wa pwani waujua sana mlangilangi, kwani maua yake hutiwa katika vikuba pamoja na asumini na rihani. Lakini katika visiwa vya Komoro, hasa Nzwani, mti huu ni mali ya biashara. Asili yake ni nchi za mashariki kama Indonesia na Filipino, nao walowezi wa Kifaransa waliupanda Komoro mwanzoni mwa karne ya 20. Mafuta yake hununuliwa na watengenezaji wa manukato; yamo hata katika Chanel No. 5, iliyotolewa mwaka 1921.

Mlangilangi ukiachwa hurefuka kupita meta 20, na maua yake hayafikiki. Kwa hiyo mkulima huukata kilele ungali mdogo, akayainamisha matawi yake, ili mchumaji ayafikie akiwa amesimama chini. Ua likiwa kijani halina faida. Hungojwa mpaka liwe manjano na kuonyesha wekundu kidogo katikati. Huchumwa alfajiri, kabla jua halijawa kali, wala halifai kuminywa wala kulazwa. Maua yaliyolundikwa kapuni hupata joto na kuharibika, na kazi yote ya asubuhi ikapotea.

Siku ile ile hutiwa katika mtambo wa kukeneka. Mvuke wa maji hupita kati ya maua ukichukua mafuta, kisha hupozwa katika bomba, na mafuta hujitenga na maji. Kilo 50 za maua hutoa kilo moja hivi ya mafuta. Yale yatokayo kwanza ndiyo mazito na yenye bei kubwa kuliko yote. Yafuatayo hupungua daraja, ingawa mtambo waweza kuchemka saa 20 kabla ya kuzimwa. Mnunuzi hupima uzito wake kwa kipimo, basi anayechanganya ya mwanzo na ya mwisho hujipunja mwenyewe.

Jambo zito ni kuni. Kukeneka kilo moja ya mafuta hula kuni ambazo uzito wake wapita sana ule wa maua yenyewe, na milima ya Nzwani imekwisha vuliwa miti mingi. Mito kadhaa iliyotiririka mwaka mzima sasa hukauka wakati wa kiangazi, na mtambo bila maji baridi hauwezi kupoza mvuke. Wengine wamejenga majiko yaliyofungwa, yenye dohani, ambayo hutumia kuni chache zaidi kuliko moto wa wazi. Gharama yake, hata hivyo, si ndogo kwa mwenye shamba dogo.