SOMO LETU: ULICHOKIONA NA ULICHOKIDHANI

Sasa mnajua kusoma maandishi. Lakini kila siku tunasoma pia vitendo vya wenzetu: salamu, kicheko, ukimya, hata mgongo uliogeuzwa. Kama mtu anavyoweza kusoma neno vibaya, ndivyo anavyoweza kusoma kitendo vibaya. Leo tujifunze kusoma vitendo.

Habari ya kisimani

Mama mmoja alifika kisimani asubuhi, akamkuta jirani yake anachota maji. Akamsalimu, "Habari za asubuhi, jirani?" Jirani hakuitika. Alijitwika ndoo yake, akaenda zake.

Yule mama alirudi nyumbani amekasirika. "Eti siku hizi ananidharau! Kisa amejenga nyumba ya bati." Tangu siku hiyo hakwenda tena kuomba moto wala chumvi.

Usiku mmoja mtoto wake alishikwa na homa kali. Zahanati ni mbali, na baiskeli iko kwa jirani. Mama akaona haya kupiga hodi. Akangoja mpaka alfajiri. Mtoto alipona, lakini homa ya mtoto si kitu cha kungojea kupambazuke.

Baadaye wazee waliwapatanisha. Ndipo ikajulikana kwamba jirani alikuwa na ugonjwa wa masikio. Salamu ile haikumfikia kabisa.

Tuichambue

Chukua daftari lako. Piga mistari miwili ya kusimama, upate safu tatu.

Safu ya kwanza: NILICHOKIONA. Andika yale tu ambayo mtu yeyote aliyekuwepo angeyaona au kuyasikia. "Nilimsalimu. Hakuitika. Aliondoka."

Safu ya pili: NILICHOKIDHANI. "Ananidharau."

Safu ya tatu: HUENDA. Andika sababu tatu au zaidi. "Hakusikia. Ana mgonjwa nyumbani. Amepata habari mbaya. Kweli amenikasirikia."

Sasa tazama. Neno "dharau" halimo katika safu ya kwanza. Yule mama hakuiona dharau, aliidhani. Na bati la watu halikusema neno!

Hata sisi walimu hukosea

Tulipotoka chuo cha ualimu tulifundisha darasa moja la kisomo. Mama mmoja, kila tukimwuliza swali, anainamisha kichwa, kimya. Tukasema moyoni, "Huyu hataki kufundishwa na vijana." Tukaacha kumwuliza.

Siku moja mzee mmoja akatuita pembeni. "Mwalimu, hujaona kwamba baba mkwe wake amekaa benchi la mbele?" Katika makabila yetu mengi mtu na mkwewe huoneana haya, na wengine hawawezi kuzungumza mbele za watu. Basi tuligawa darasa makundi mawili. Mama yule akasoma vizuri sana. Kile tulichokiita kiburi kilikuwa heshima.

Utani nao husomwa vibaya. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu zamani za misafara ya biashara iliyokwenda pwani. Msibani, mtani anaweza kuzuia maiti isitoke mpaka apewe chochote. Mgeni asiyejua mila hii atasema, "Watu gani hawa wasio na adabu!" Wenyeji wanajua kwamba mtani anawaliwaza wafiwa, na tena anashika kazi za maziko.

Baada ya kuandika, uliza

Kuuliza si ujinga. Lakini uliza kwa kutumia safu ya kwanza, si ya pili. Ukisema, "Kwa nini unanidharau?" umekwisha kuhukumu, na mwenzako atajitetea. Sema hivi: "Mwenzangu, juzi kisimani nilikusalimu hukuitika. Kwema lakini?" Hapo umemfungulia mlango aseme lake. Usiulize mbele za watu, wala usimtume mtoto.

Tahadhari

Hatusemi kwamba kila ubaya ni wa kudhani tu. Mtu akikutukana kila siku, au akikupiga, hilo limo katika safu ya kwanza. Usimtafutie visingizio. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji au polisi, na daftari lako litakusaidia kueleza nini kilitokea na lini.

Maswali ya kujadiliana

1. Yule mama wa kisimani angefanya nini siku ile ile?
2. Katika kabila lako, ni kitendo gani cha heshima ambacho mgeni anaweza kukiona kuwa dharau?
3. Umempigia ndugu yako simu mara mbili, hakupokea. Jaza safu zote tatu.

Zoezi la nyumbani: Kumbuka mtu mmoja ambaye mmenuniana. Andika safu tatu. Kama safu ya kwanza ina mstari mmoja tu, nenda ukapige hodi kwake kabla ya Jumapili.