Pedi za Breki Zinapoisha Upande Mmoja

Ndugu wanakikundi, hivi majuzi tuliitwa na kikundi kimoja chenye pikapu ya kupeleka mboga na mahindi sokoni. Kamati ilikuwa karibu kumfuta dereva. Pedi za breki zilikuwa zimenunuliwa miezi minne tu iliyopita, na sasa ameomba pesa za zingine. Wanachama wakasema, "Huyu anakimbiza gari, halafu anakanyaga breki ovyo." Tuliomba jambo moja kabla ya kura: pedi zifunguliwe ziletwe mezani.

Zilipoletwa, pedi ya ndani ya gurudumu la kushoto ilikuwa imebaki chuma kitupu. Ile ya nje ilikuwa bado nene. Za kulia zote mbili zilikuwa nzuri. Sasa tujiulize: je, mguu wa dereva unaweza kuchagua gurudumu? Hauwezi. Dereva mkali humaliza pedi za kushoto na kulia pamoja. Zikiisha upande mmoja, tutafute kosa kwenye chuma.

Breki ya diski hufanyaje kazi?

Diski huzunguka pamoja na gurudumu. Kalipa huikumbatia ikiwa na pedi mbili, moja ndani na moja nje. Katika magari mengi pistoni iko upande wa ndani peke yake. Ukikanyaga, mafuta ya breki husukuma pistoni, nayo husukuma pedi ya ndani. Hapo kalipa yenyewe huteleza juu ya pini zake na kuivuta pedi ya nje. Pini zikishikwa na kutu, kalipa haitelezi, na pedi moja hubeba kazi ya mbili.

Tusome dalili

1. Pedi ya ndani imeisha zaidi: pini zimekwama, ama pistoni hairudi nyuma kwa sababu ya kutu.
2. Pedi ya nje imeisha zaidi: mara nyingi pini zinakwama wakati wa kuachia, na pedi hiyo inabaki ikisugua.
3. Pedi moja imeisha kama kabari, huku nene na huku nyembamba: pini moja imekwama, ama pedi imebanwa na kutu mahali inapokaa.
4. Gurudumu moja limeisha kuliko mwenzake: pistoni imekwama, ama mpira wa kupitisha mafuta umeziba ndani. Gari litavuta upande mmoja, na gurudumu hilo litakuwa la moto sana baada ya safari.

La kufanya

Kazi hii ifanywe na fundi anayeijua, lakini kikundi kiwe na mtu wa kusimama hapo. Gari liwe mahali tambarare, magurudumu yamewekewa mawe, na lisiachwe juu ya jeki peke yake. Kalipa isining'inizwe kwa mpira wake. Ifungwe kwa waya. Pini zisafishwe mpaka ziteleze kwa mkono, kisha zipakwe grisi ya breki. Grisi ya kawaida na oili ya injini huharibu mipira. Vumbi la breki lisipulizwe, kwa kuwa pedi nyingine zina asbestosi. Lipanguswe kwa kitambaa chenye maji. Pedi ikibaki milimita 3, badilisha, na ubadilishe kushoto na kulia kwa pamoja. Mwisho, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu kabla gari halijaondoka.

Kwa kikundi kile, pini za kushoto zilikuwa zimekauka kabisa. Fundi wa kwanza aliweka pedi mpya bila kuzigusa. Mwenyekiti alimwomba dereva radhi mbele ya wote. Ndipo dereva akasema alikuwa ameona gari likivuta kushoto kwa wiki nyingi, ila alinyamaza asiambiwe anatafuta pesa. Wenzetu, na gari hilo hushuka mteremko likiwa na mama kumi nyuma! Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kikundi chetu, anayeleta habari ya ubovu husikilizwa ama hushukiwa?
2. Ni nani huangalia pedi za zamani kabla hazijatupwa?
3. Tutenge kiasi gani kila mwezi kwa matengenezo, na nani ataandika daftari?