Nani Mwenye Usemi Juu ya Jalada la Santuri?

SWALI: Bendi yetu inakaribia kusaini mkataba wa kutoa santuri. Kampuni inasema jalada ni kazi yao. Tukubali?

JIBU: Someni kwanza kifungu cha jalada. Mwaka 1968 The Rolling Stones waliipelekea kampuni yao, Decca, jalada la santuri ya Beggars Banquet lenye picha ya choo kichafu, ukuta umejaa maandishi. Decca ikagoma. Santuri ikakwama kwa miezi, na ilipotoka Desemba ilivaa jalada jeupe mfano wa kadi ya mwaliko. Umaarufu wao wote haukufua dafu.

Pink Floyd walifanikiwa zaidi. Atom Heart Mother ya 1970 ilitoka na ng'ombe malishoni, na mbele hakuna jina la bendi wala la santuri. Muuza duka aitambueje? Hata hivyo iliongoza chati za Uingereza. Joni Mitchell naye alijichora mwenyewe kwenye jalada la Clouds, 1969. Hiyo ndiyo njia niipendayo, kama kipaji kipo.

Nyinyi dai lenu liwe hili: jalada lisichapishwe bila idhini yenu ya maandishi. Ahadi ya kushauriana haitoshi. Watawasikiliza, kisha wafanye watakavyo.

Msimsahau mchoraji au mpiga picha. Andikianeni naye: picha ni ya santuri tu, au na fulana na mabango? Malipo ni ya mara moja, au kuna mrabaha? Peter Blake na Jann Haworth, waliobuni jalada la Sgt. Pepper's ya The Beatles mwaka 1967, walilipwa pauni 200.