Maleba na Ukweli wa Historia: Kuwavisha Wahusika wa Japani ya Mwaka 1600 katika Tamthilia ya Runinga

1.0 Utangulizi

Tuchukulie kwamba mhusika wa kike anaingia jukwaani akiwa amevaa vazi la hariri, na upande wa kulia wa vazi hilo umelazwa juu ya upande wa kushoto. Mtazamaji asiyeijua Japani haoni kasoro yoyote. Mjapani, kwa upande wake, hushtuka: mtu aliye hai amevishwa kama maiti. Tangu amri ya kifalme ya mwaka 719, Wajapani wametakiwa kulaza upande wa kushoto juu ya ule wa kulia. Mkunjo wa kinyume ni wa marehemu anayeandaliwa kwa mazishi.

Mfano huu unadhihirisha kwamba maleba si pambo tu. Ni lugha yenye sarufi yake, na anayeikosea hukosea maana. Hata hivyo, katika uhakiki wetu wa tamthilia, aghalabu sisi hushughulikia ploti, wahusika na mtindo, kisha tukayatengea maleba aya moja. Makala haya yanachunguza kazi ya mbunifu wa maleba anapowavisha wahusika wa Japani ya mwaka 1600. Hicho ndicho kipindi kinachosawiriwa katika tamthilia ya runinga ya Shōgun (2024), iliyotokana na riwaya ya James Clavell ya mwaka 1975. Maleba yake yalibuniwa na Carlos Rosario, nayo tamthilia ikazoa tuzo 18 za Emmy mwaka 2024, mojawapo ikiwa ya maleba ya kihistoria. Swali letu ni hili: uaminifu kwa historia una mipaka gani, na ni nani hudhulumiwa unapokosekana?

2.0 Vazi la Zama Hizo

Neno kimono lina maana ya "kitu cha kuvaa". Mwanafunzi wa sarufi asihadaike akadhani kwamba ki- hiyo ni ya ngeli ya KI-VI. Inatokana na kitenzi cha Kijapani chenye maana ya kuvaa. Vazi la kawaida la mwaka 1600 liliitwa kosode, yaani "mkono mdogo wa nguo". Udogo huo ni wa tundu la kupitishia kiganja, wala si wa vazi zima. Kosode ndiyo iliyozaa kimono cha leo, lakini mzazi na mwana hawafanani kwa kila hali.

Kwanza, kiwiliwili cha kosode kilikuwa kipana ilhali mikono yake ilikuwa myembamba. Upana huo ulikuwa na sababu: mwanamke aliweza kuketi akiwa amekunja miguu au ameinua goti moja bila ya kujifunua. Pili, mshipi wa kiunoni, yaani obi, ulikuwa mwembamba. Ule mshipi mpana wenye fundo kubwa mgongoni, ambao watu wengi huuona kuwa ndio alama ya Ujapani, ni zao la karne zilizofuata. Tatu, mtindo wa kutia rangi uitwao yuzeni, unaochora maua na mandhari kwa ustadi mkubwa juu ya kitambaa, ulichipuka mwishoni mwa karne ya 17. Mbunifu anayenunua kimono cha dukani leo na kumvisha mhusika wa mwaka 1600 amefanya kosa la wakati, sawa na mwandishi anayempa mhusika wa karne ya 16 msamiati wa karne ya 20.

3.0 Ushahidi na Mapengo Yake

Mbunifu huyapata wapi maarifa haya? Chanzo cha kwanza ni mavazi yenyewe yaliyohifadhiwa. Katika hekalu la Kōdaiji mjini Kyoto limo koti la vitani la Toyotomi Hideyoshi, na mjini Yonezawa yamehifadhiwa mavazi ya Uesugi Kenshin. Chanzo cha pili ni picha za watu mashuhuri zilizochorwa wakati huo.

Vyanzo hivi vina upungufu mmoja mkubwa: vinawahifadhi wenye nguvu. Hariri ya mtawala ilikunjwa ikatunzwa hekaluni. Nguo ya mkulima, iliyofumwa kwa nyuzi za katani au mimea mingine ya porini, ilivaliwa, ikatiwa viraka, kisha ikaishia kuwa tambara. Pamba nayo ilikuwa ndiyo kwanza inaenea. Hivyo, mbunifu asipokuwa mwangalifu, atawavisha mabwana kwa ushahidi na watwana kwa kubahatisha. Dawa mojawapo ni kuchunguza picha za viambaza vya kukunjwa zinazoonyesha maisha ya mji wa Kyoto, kama ile ya Kanō Eitoku iliyoko Yonezawa. Humo wamo wachuuzi, mafundi na wapita njia. Kumvisha mpagazi kwa uangalifu ule ule anaovishwa bwana wake ni kukiri kwamba naye alikuwamo katika historia.

4.0 Uasilia si Utengano

Kuna dhana kwamba vazi asilia ni lile lisilochanganyika na la kigeni. Koti la Hideyoshi linaikanusha dhana hiyo, kwa kuwa lilishonwa kutokana na zulia la hariri la Uajemi. Wareno walifika Japani mwaka 1543, na biashara yao ikaleta hariri ya China na bidhaa nyinginezo. Lugha nayo ilibeba alama hizo. Vazi la ndani huitwa juban kwa Kijapani, kutokana na neno la Kireno lililotoka katika Kiarabu jubba. Msomaji wa Kiswahili atamtambua ndugu wa neno hilo katika juba letu. Kwa hiyo, mbunifu anayefuta kila athari ya kigeni ili apate "Japani halisi" anaipotosha Japani hiyo hiyo.

5.0 Mipaka ya Uaminifu

Je, kila kilichokuwako kionyeshwe? Wanawake wa tabaka la juu walipaka meno yao rangi nyeusi na kunyoa nyusi, na hali hiyo ilihesabiwa kuwa urembo. Tamthilia nyingi za leo huliacha jambo hili, kwa kuwa mtazamaji wa sasa huenda akaona kioja mahali palipokusudiwa mapenzi au huzuni. Hapa mbunifu hukabiliwa na kweli mbili: kweli ya umbo na kweli ya hisia. Akiifuata ya kwanza pekee, mtazamaji atacheka pasipostahili kicheko. Akiifuata ya pili pekee, wahusika watakuwa watu wa leo waliojifunika nguo za kale.

Gharama nayo haina budi kuzingatiwa. Kwa filamu ya Ran (1985) ya Akira Kurosawa, mavazi na deraya zipatazo 1,400 zilitengenezwa kwa mkono kwa zaidi ya miaka 2, na Emi Wada akatunukiwa Oscar kwa ubunifu wake. Ni tamthilia chache za runinga ziwezazo kuungoja muda kama huo.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba uaminifu wa maleba haupimwi kwa wingi wa hariri. Hupimwa kwa maswali matatu: Je, vazi linasema kweli kuhusu wakati wake? Je, linamtendea haki mnyonge kama linavyomtendea mwenye enzi? Na pale lilipoiacha historia, je, mbunifu aliiacha kwa kujua au kwa kutojua? Kuacha kwa kujua ni sanaa. Kuacha kwa kutojua ni kosa. Mhakiki chipukizi wa tamthilia hana budi kuyabeba maswali hayo kila aketipo mbele ya jukwaa au runinga, na kuanza kwa kutazama ni upande upi wa vazi uliolazwa juu.