Mashine 27 Zimetii, 3 Zimegoma: Tuanze Kutafuta Wapi?

Wanachuo wenzangu, hasa ninyi mnaojiandaa kwenda mafunzo kwa vitendo, somo la leo ni lenu. Huko muendako hakuna atakayeuliza ulipata alama gani kwenye mifumo endeshi. Utakabidhiwa nywila, utaambiwa, "Hizo seva 30 ziwekewe nginx leo," na mkubwa ataingia kikaoni. Ukianza kuingia seva moja moja na kuandika amri kwa mkono, jioni itakukuta, na ukifika ya 20 utakuwa umeshasahau kitu.

Ndiyo maana zikatungwa zana za kusimamia usanidi. Mark Burgess alianzisha CFEngine mwaka 1993 akiwa Oslo, Norwe. Puppet ikaja 2005, Ansible ikafuata 2012. Hapa tutatumia Ansible juu ya Ubuntu, kwa sababu haitaki programu ya pekee ikae ndani ya kila seva: inaingia kwa SSH, inatumia Python iliyomo, inafanya kazi, inatoka.

Elewa wazo kabla ya amri

Mwambie mpishi, "Tia chumvi kijiko kimoja." Ukirudia agizo hilo mara tatu, mchuzi haulikiki. Sasa mwambie, "Hakikisha mchuzi una chumvi ya kutosha." Hata ukirudia mara kumi, ataonja, atakuta ipo, ataacha. Zana hizi zinataka agizo la aina ya pili. Unaeleza hali unayoitaka, si hatua za kuifikia.

Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Mtu anachukua amri ya `echo` inayoongeza mstari mwishoni mwa faili, anaibandika ndani ya moduli ya `shell`, halafu anashangaa faili lina mstari uleule mara saba. Moduli ya `lineinfile` ingeangalia kwanza kama mstari upo. Vivyo hivyo, kwa kuweka programu tumia moduli ya `apt` yenye `state: present`. Ukiandika `latest`, umeruhusu toleo libadilike siku yoyote kazi itakaporudiwa, hata wiki ya usajili.

Soma muhtasari wa mwisho

Kazi ikiisha, Ansible inatoa muhtasari kwa kila seva. Usiogope maandishi mekundu, tafuta maneno mawili: `unreachable` na `failed`. La kwanza maana yake hukufika kabisa. Tatizo liko njiani: anwani, ufunguo wa SSH, ukuta wa moto, au mashine imezimwa. La pili maana yake ulifika, kazi ikakataa. Ukichanganya haya mawili utashinda unachokonoa vifurushi wakati waya umechomoka.

Jaribu `ansible all -m ping`. Jina lisikudanganye, hii si ile ping ya kawaida ya mtandao. Inahakikisha kwamba unaweza kuingia na kwamba Python inafanya kazi. Ukijibiwa `pong`, njia ni nzima. Kisha elekeza nguvu kwa wagonjwa tu kwa `--limit`, na uongeze `-vvv` upate maelezo kamili.

Zile 3 zilizogoma

Tuseme zote 3 zimeandika `failed`. Usidhani zinaumwa ugonjwa mmoja. Soma ujumbe wa kila moja.

Ya kwanza inasema haikupata kufuli, `/var/lib/dpkg/lock-frontend`. Hiyo si hitilafu, ni foleni. Ubuntu ina huduma ya kusasisha usalama yenyewe, na mara nyingi inaamka muda mfupi baada ya mashine kuwashwa. Wewe umefika, umekuta mwenzako yuko jikoni. Utaona watu wakishauri ulifute faili la kufuli. Usifanye hivyo! Programu mbili zikiandika kwa pamoja kwenye rejesta ya dpkg zinaweza kuiharibu, na hapo hutaweza kuweka wala kuondoa chochote. Angalia nani kalishika kwa `sudo lsof`, msubiri amalize. Moduli ya `apt` yenyewe ina `lock_timeout`, iongezee sekunde.

Ya pili inasema dpkg ilikatizwa. Hii tunaijua sisi wa nchi za umeme wa kukatika: kifurushi kilikuwa katikati ya kusimikwa, taa zikazima. Ujumbe wenyewe unakupa dawa, `sudo dpkg --configure -a`. Ikimaliza, angalia na nafasi ya diski kwa `df -h`, kwa sababu diski iliyojaa nayo huacha kazi nusu.

Ya tatu inalalamika kwamba faili la `Release` halijaanza kutumika. Ajabu, wenzake 27 wanatumia ghala lilelile. Andika `timedatectl`. Utakuta saa yake iko nyuma. Betri ndogo ya ubao mama ikifa, kila mashine ikizimwa saa inarudi nyuma, na apt inaona ghala limetiwa sahihi siku ambayo haijafika. Rekebisha saa, kifurushi kitakubali. Hapo mtu angeweza kubadilisha maghala mchana kutwa na asipate kitu.

Na ukiona `Unable to locate package`, mambo ni mawili kwa kawaida: orodha ya vifurushi imechakaa, basi weka `update_cache: true`, au jina si lenyewe. Apache kwa Ubuntu ni `apache2`, kwa ndugu wa Red Hat ni `httpd`.

Kosa linalojificha kwenye kijani

Hili ndilo la hatari kuliko yote, maana halina maandishi mekundu. Kwa kawaida tunaagiza hivi: faili la usanidi likibadilika, iite kazi ya kuwasha upya nginx. Kazi hiyo ya kuitwa, yaani ile iliyo chini ya `handlers`, haifanyiki papo hapo. Inasubiri mwisho.

Sasa fuatilia. Faili limebadilika, wito umeandikwa. Kabla ya kufika mwisho, hatua nyingine inafeli kwenye seva hiyo. Wito unapotea. Unarekebisha ile hatua, unarudia kazi. Safari hii faili halijabadilika, kwa sababu lilishabadilishwa mara ya kwanza, kwa hiyo hakuna anayeitwa. Kila kitu kijani. Lakini nginx bado inahudumia watu kwa usanidi wa zamani, na itaendelea hivyo hadi siku itakapowashwa upya, pengine usiku wa manane kukiwa na wanafunzi elfu wanaangalia matokeo.

Kinga ipo. Ongeza `--force-handlers` ili walioitwa wafanye kazi hata kama mbele kumeharibika. Na usiamini kijani peke yake: `nginx -t` ikague faili, `systemctl status nginx` ikuonyeshe huduma ilianza lini. Kama ilianza kabla ya badiliko lako, badiliko hilo halijaingia.

Usiache deni

Ukishapata chanzo, kishawishi ni kuingia kwenye ile seva, kurekebisha kwa mkono, na kwenda zako. Umemwachia deni atakayekufuata. Siku seva hiyo itakapojengwa upya, dawa yako haitakuwemo. Kama tatizo lilikuwa saa, iandike kazi ya kusawazisha saa ndani ya faili la maelekezo, mbele ya kazi ya vifurushi.

Zoezi: weka mashine mbili za kidhahania kwenye kompyuta yako. Moja irudishe saa nyuma, nyingine izime katikati ya `apt install`. Kabla ya kurekebisha, endesha kazi yako kwa `--check --diff` uone ingebadilisha nini bila kubadilisha. Mkabidhi mwenzako atafute chanzo, wewe usimwambie kitu. Baada ya kurekebisha, mwambie aendeshe kazi ileile mara mbili. Mara ya pili `changed` ikisoma 0 kila mahali, mmefaulu. Isiposoma 0, tafuteni ni agizo gani bado linatia chumvi.