Somo la Juma: Anenaye Nawe Dirishani Siye Mtunga Amri

Katika somo la juma hili twataka kunena juu ya watu ambao sote hukutana nao kila siku, na wengi wetu huwapita bila kuwatazama usoni. Nao ni mtumishi wa mezani hotelini, karani wa dirishani, mwuguzi wa zamu, kondakta wa matatu ya Ukunda, wakala wa M-Pesa, na mlinzi wa lango la kivuko cha Likoni. Kazi zao ni mbalimbali lakini taabu yao ni moja: wao ndio waonekanao, na amri hutolewa na wengine wasioonekana. Kwa hiyo hasira iliyostahili kupelekwa kwa wakubwa walioketi afisini humshukia yule asimamaye mbele. Wahenga walikwisha kulijua jambo hili, ndipo wakasema mjumbe hauawi.

Tuanze kivukoni, maana hapo ndipo wengi wa Kwale waendao kazini Mombasa hupita alfajiri. Mtambo wa feri ukiharibika, watu hujaa pande zote mbili, na yule kijana aliyewekwa langoni kuzuia msongamano hutukanwa yeye, na mama yake pia. Hakuununua mtambo ule wala hakuagizwa kuutengeneza. Ameagizwa kuzuia watu wasizidi kiasi, na agizo hilo si la mzaha. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama karibu na pwani ikiwa imejaa kupita kiasi, wakafa watu 272. Basi mtu akuambiaye "Ngoja" hapo kivukoni hakufanyii kiburi.

Hospitalini mambo ni yale yale. Mwuguzi amwambiapo mgonjwa kwamba dawa imekwisha, yeye si mwenye ghala. Tangu mwaka 2013 huduma nyingi za afya zi mikononi mwa serikali za kaunti, na fedha zake hupitishwa na Bunge la Kaunti. Mwenye malalamiko ya dawa ana mwakilishi wake wa wadi, aliyemchagua mwenyewe kwa kura. Huyo ndiye wa kuulizwa. Vivyo hivyo wakala wa M-Pesa: fedha zikipotea njia kwa kuwa namba ilikosewa, yeye hana uwezo wa kuzirudisha, bali kampuni yenyewe. Kumpigia meza ni kupoteza muda ambao ungetumika kuwaarifu wenye uwezo.

Sasa twende Diani, ambako jambo hili lina historia yake. Katika zama za ukoloni mtumishi wa hoteli au wa nyumbani aliitwa "boi", neno la Kiingereza lenye maana ya mtoto mwanamume. Mtu mwenye mvi na wajukuu aliitikia jina hilo alipoitwa na kijana asiyeota ndevu. Tena alichukua kipande, kilichoanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Na kama mwajiri hakumtilia sahihi ya kuondoka, hakuweza kuajiriwa kwingine kwa halali. Riziki yake ilikuwa kalamuni mwa mtu mwingine.

Tarehe 13 Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa waligoma, nao hawakuwa wa bandarini na relini tu, bali hata wa mahotelini na majumbani. Kazi zilisimama yapata siku 12, na Chege Kibachia akawa kiongozi mashuhuri wa chama chao, African Workers' Federation. Msomaji na aangalie sana walilolitaka. Walitaka mishahara ipande, na ughali wa maisha utazamwe. Lakini katika malalamiko yao walitaja pia kudharauliwa kwa mfanya kazi Mwafrika. Waliihesabu heshima pamoja na shilingi.

Jina la "boi" limekwisha. Mluzi ungalipo. Mtu mzima humwita mtumishi kwa kupiga vidole, au kwa "ksss" kama amwitaye paka, au kwa "We!" tupu. Na kusema kweli, wafanyao hivyo si wageni wa Ulaya peke yao. Tangu reli mpya ya Nairobi na Mombasa ilipofunguliwa mwaka 2017, wenzetu wa bara hushuka kwa wingi wakati wa Krismasi na Pasaka, na baadhi yao (twasema baadhi) hudhani kwamba mtu akilipia chumba amemlipia na mwenye kukifagia. Sisi wa Pwani nasi tusijitoe. Wako mabwana wa hapa hapa Kwale ambao msikitini ni watu wa salamu ndefu, na hotelini hawajui neno tafadhali.

Ubaya wa ukali huo ni kwamba yule mtumishi hawezi kujibu. Kazi nyingi za Diani ni za msimu. Wageni huwa wengi kuanzia Desemba hata Pasaka, kisha Julai na Agosti. Masika yanapoingia hoteli hupunguza watu, na nyingine hufunga milango. Ilipozuka ghasia ya Likoni tarehe 13 Agosti 1997, wageni walikatika, hoteli kadhaa zikafungwa, na watu wengi wakarudi makwao mikono mitupu. Mwaka 2020, wakati wa korona, ndege za abiria kutoka nchi za nje zilisimamishwa tangu Machi hata mwisho wa Julai, yakawa yale yale. Mtu aliyekwisha kuonja hayo mara mbili hunyamaza akitukanwa, kwa kuwa anafikiri karo ya mtoto. Wengine humdhania mpole, au mjinga.

Kwa watumishi wanawake jambo hili huzidi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 6, yakataza mfanya kazi kusumbuliwa kwa mambo ya ngono. Lakini watajwao humo ni mwajiri, mwakilishi wake, na mfanya kazi mwenziwe. Mteja hakutajwa. Hivyo mgeni amshikaye kiuno binti aletaye vinywaji hupita katika tundu la kifungu hicho, ijapokuwa sheria nyingine za nchi zaweza kumkamata. Nchi nyingine zimeanza kuziba matundu kama hayo. Uskoti ilitunga sheria mwaka 2021 ya kuwalinda watumishi wa madukani wasipigwe, wasitishwe wala kutukanwa. Na mji wa Tokyo ulipitisha amri Oktoba 2024, ikaanza kutumika tarehe 1 Aprili 2025, ikatazayo wateja kuwadhulumu wahudumu. Japani ni nchi ambayo mteja hutukuzwa sana, na hata huko wameona kwamba utukufu una mpaka.

Yawezekana msomaji atauliza: Je, nikiletewa samaki aliyeoza ninyamaze? La. Kulalamika ni haki ya mlipaji. Lakini kuna namna yake. Kwanza msalimu mtu, na kama amekuzidi umri mwamkie kama ambavyo ungemwamkia nyumbani kwake. Kumwita Mzee, Mama, Kaka au Dada hakupunguzi bei wala kuiongeza. Kisha eleza jambo lenyewe, si tabia yake: "Dada, samaki huyu hakuiva," wala si "Nyinyi watu wa hapa hamjui kazi." Tatu, uliza ni nani mwenye uwezo wa kulitengeneza jambo hilo, ukaseme na huyo.

Na ukiandika katika kitabu cha malalamiko, andika ulichokiona tu, pamoja na saa yake. Wala usiandike "Mfukuzeni." Kifungu cha 41 cha sheria ile ile chamtaka mwajiri amweleze mfanya kazi sababu na kumsikiliza, akiwa pamoja na mwenziwe amtakaye au mjumbe wa chama, kabla ya kumwondoa kwa kosa. Kwa kibarua wa siku, aghalabu hapana barua wala kikao. Huambiwa tu langoni kwamba kesho asije. Kalamu yako hapo yafanya kazi ile ile iliyofanywa na kalamu ya kipande.

Limebaki neno la bahashishi. Katika hoteli ambazo mgeni hulipa kila kitu mbele na kuvikwa ukanda mkononi, bahashishi humfikia yule aletaye kinywaji, kwa kuwa yu machoni. Mtandika vitanda huingia chumbani mgeni akiwa ufukweni, akatoka asionekane. Ukitaka kumpa, usiache noti mezani bila neno, maana mwenye kuicha kazi yake hataigusa, akiogopa kuitwa mwizi. Itie katika bahasha, uandike juu yake kwamba ni ya mwenye kutengeneza chumba, na kama umekwisha kulijua jina lake, liandike.